Anayevutwa Hatembei

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu wenye barua za kuomba kazi, na mashine ilikuwa imekwama kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Chiriku alikuwa amepiga magoti, mkono ndani ya tumbo la mashine, blauzi yake ya rangi ya chungwa imeingia wino kiwikoni, aliposikia sauti juu yake.

"Dada, samahani. Naomba kopi tano za ramani ya kinamasi."

Aliinua macho. Akaona buti zenye vumbi, kizibao chenye mifuko kama kumi, kisha uso uliotabasamu kabla ya mdomo.

"Kinamasi chenyewe kiko wapi?"

"Hakipo popote."

"Makubwa! Nimeshatoa kopi za vyeti vya uongo, lakini tope la uongo ndiyo kwanza leo."

Watu kwenye foleni wakacheka, na yule kijana akacheka kuliko wote. Alikuwa mpimaji wa ardhi. Siku za kazi alipima viwanja. Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha duka moja la vitabu, alisimamia mchezo wa mezani. Wachezaji hujigeuza mashujaa wa nchi ya kubuni, yeye husimulia yanayowakuta, dadu huamua bahati, na kitabu cha kanuni huamua yaliyobaki.

"Njoo," alimwambia. "Tumepungukiwa mpiga mishale."

Kwenda ilikuwa kazi. Shangazi, mwenye duka la fotokopi, alimlea tangu akiwa mchanga na hakutaka ambanduke. Walilala chumba cha nyuma ya duka hilo, na njia ya kutoka ilikuwa moja tu, kupitia dukani, mbele ya kiti cha Shangazi. Chiriku alikuwa na miaka ishirini na sita. Akienda kununua mkate tu, alipigiwa simu mara mbili. Alibembeleza wiki nzima hadi akapewa Jumamosi mchana.

Miezi mitatu ikapita. Pale mezani alikuwa mpiga mishale asiyeulizwa anakwenda wapi. Mara kwa mara Mpimaji alipita dukani kwa kopi za ramani, na kila adhuhuri alipiga simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula karatasi. Wewe?"

"Nimekula jua. Nimekukumbuka hadi nimepima kiwanja kimoja mara mbili."

Ndipo likaja suala la tope. Shujaa wa Chiriku alizama kinamasini, zimwi likamjia. Mchezaji mwenzake mmoja, dereva wa lori, akamtupia kamba na kumvuta.

"Kanuni ya tope," Mpimaji akatamka. "Kila hatua inahesabiwa mbili. Hufiki ukingoni. Zimwi limekukamata."

"Kanuni inamsema anayetembea," Chiriku akapinga. "Mimi sitembei. Navutwa!"

"Tope ni tope."

"Soma basi kitabu!"

"Nimeshaamua."

Chiriku akasimama. Aliweka dadu zake mezani polepole. "Nyumbani nafungiwa, dukani nafungiwa. Na hapa pia? Baki na tope lako." Akatoka.

Wiki tatu simu haikulia. Alitaka kupiga yeye, kiburi kikamshika mkono. Alitoa kopi, alibana karatasi, alijibu "abee, Shangazi" mara mia kwa siku, na kuta za duka zikawa kama zinasogea.

Alhamisi moja mchana Mpimaji akaingia, amekonda, kitabu cha kanuni kwapani.

"Ulikuwa na haki," alisema bila salamu. "Kimeandika 'anayetembea'. Nilijua hata siku ile. Wenzetu walikuwa wananong'ona kwamba nakupendelea, nikaona aibu. Nimekuja kukuomba radhi tu, hata kama unaolewa."

"Naolewa na nani?"

"Si nilipiga jioni ile ile? Shangazi yako akapokea. Akasema umeposwa, nisikusumbue."

Chiriku akageuka. Shangazi alikuwa ameinamia kanga yake, akiipapasa pindo.

"Shangazi?"

"Ulikuwa unaoga," Shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Ni macho, mwanangu. Tangu mwaka jana naona ukungu mtupu. Wateja nawajua kwa sauti. Nilisema ukiondoka, mimi nitakuwa mgeni wa nani?"

Hasira ilimpanda Chiriku, huruma ikaifuata nyuma. Mwaka mzima akimsomea Shangazi risiti kwa sauti, akidhani ni uvivu wa mtu mzima!

"Ungeniambia, Shangazi. Umenifunga kwa kitu ambacho ningekupa bure."

"Najua."

Akamgeukia Mpimaji. "Kama una swali la kuniuliza, liulize hapa hapa. Mbele yake."

Mteja mmoja mwenye bahasha akasogea kando kwa adabu. "Utakubali nikuoe?" Mpimaji akauliza.

"Nakubali. Tena chumba tutapanga mtaa huu huu. Kila asubuhi nitakuja kufungua duka, na hospitali ya macho tutampeleka sisi wawili. Lakini jioni, Shangazi, nitakwenda kwangu. Hilo silijadili."

Shangazi akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akanyoosha mkono hewani, upande ambao sauti ya kijana ilikuwa imetokea.

"Sogea karibu, mkwe," akasema. "Miezi yote hii unaingia na kutoka, na sura yako siijui."