Pigo la Kwanza la Nyakio

Kila Jumanne na Jumamosi alasiri, Nyakio alifagia sakafu ya ukumbi wa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, kabla ya wenzake kufika. Alipomaliza alivaa suti yake nyeupe ya karate, akafunga mshipi wa kijani, akainama mlangoni kama walivyofundishwa. Mwalimu wao, Taranjit Singh, alifunga mapema duka lake la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga ili awahi. Alikuwa mzee mwenye kilemba cha buluu na vifundo vya vidole vigumu kama kokoto. Wanafunzi walimwita Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani.

Jumamosi hiyo ya Oktoba, mwaka wa 2007, walikuwa wakijiandaa kwa Siku ya Karate.

"Tarehe ishirini na tano Oktoba mwaka wa 1936," Sensei alieleza, "walimu wakubwa walikutana katika kisiwa cha Okinawa, huko Japani, wakakubaliana kuuita ufundi wao karate, yaani mkono mtupu. Sasa siku hiyo inakumbukwa hata mbali na Japani. Sisi tutaikumbuka hapa Jamhuri. Nyakio ataongoza kata."

Kata ni mfululizo wa hatua za kuzuia na kupiga, ambazo mtu huzifanya kana kwamba amezungukwa na maadui. Nyakio alikuwa ameingoja nafasi hiyo mwaka mzima, lakini siku hiyo hakutabasamu. Alikuwa akimfikiria mdogo wake, Mbuthia, aliyelala nyumbani na mdomo uliopasuka. Kijana mmoja wa mtaani, Lazarus, alikuwa amempiga ngumi, akamkalia kifuani na kumvua raba zake.

"Sensei," aliuliza, "kijana wa mtaani akimpiga mdogo wako, unampiga wapi kwanza?"

"Kwa pua!" wenzake walidakia, wakacheka.

Sensei hakucheka. "Kata yetu inaanza na nini?"

"Kuzuia."

"Na kata ya pili?"

"Kuzuia."

"Umejijibu. Katika karate hakuna pigo la kwanza. Mwambie mama yako. Jumatatu tutakwenda sote kwa wazazi wa huyo kijana."

Jumatatu ilikuwa mbali sana kwa Nyakio.

Baada ya mazoezi alipitia maduka ya Adams Arcade kununua unga. Karibu na kibanda cha matunda cha Mama Munyiva alimwona Lazarus ameegemea ukuta, akila ndizi. Miguuni alikuwa na raba za Mbuthia. Uzi mwekundu ambao mama yao alishonea ncha ya kiatu cha kushoto ulionekana wazi.

"Vua hivyo viatu."

"Ati nini?" Lazarus alicheka. "Kumbe ni dadake kale katoto! Nyinyi si ndio mnaruka-ruka huko ukumbini na pajama? Hebu nionyeshe moja basi."

Alimsukuma Nyakio kwa kiganja usoni. Ngumi ya Nyakio ilipanda yenyewe. Akakumbuka maneno ya Sensei, akaishusha. Kwa nukta moja alijivunia kwamba hakupiga. Kisha akafungua mdomo, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Mwizi! Mwizi!"

Nairobi neno hilo halihitaji kurudiwa. Makanga wa matatu aliruka kutoka mlangoni mwa gari, akamfyeka Lazarus miguu. Mwanamume mwenye tai alimpiga teke la mbavu bila kuuliza lolote. Wengine walikuja na mawe, wengine na vyuma. Kichwa cha Lazarus kiligonga ukingo wa barabara, jino likaruka, damu ikatapakaa shingoni.

"Mama! Mama yangu!" alilia.

"Leteni tairi!" sauti moja ikaita, na tairi la kumchomea likaja likibingirishwa.

"Ni viatu tu!" Nyakio alipaza sauti. "Mwacheni!" Hakuna aliyemsikia. Watu waliokuwa wamemwitikia kwa neno moja, sasa hawakusikia hata kumi.

Alipenya katikati ya miguu yao, akasimama juu ya Lazarus. Gongo lilishuka. Akalizuia kwa mkono wake, maumivu yakampanda hadi begani. Gongo la pili lilipoinuliwa, mkono mwingine ulilikinga. Ulikuwa wa Sensei, aliyekuwa akielekea kwenye gari lake aliposikia kelele.

Mzee alizuia kushoto, akazuia kulia. Hakurudisha pigo hata moja. Kilemba chake kilivutwa kikaanguka, nywele zake nyeupe zikamwagika mgongoni. Jiwe lilimpasua juu ya jicho. Chuma kilimpiga mkono, ukavunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Bado alisimama.

Mama Munyiva akaacha kibanda chake, akapiga magoti kando ya Lazarus na kumfuta damu kwa leso yake. "Huyu ni rika la kijana wangu," alisema. "Mwenye kiu ya damu aanze na mimi!"

Umati ulisita.

"Nani ameibiwa?" Sensei aliuliza akihema.

"Mdogo wangu," Nyakio alijibu. "Viatu. Ni mimi niliyeita."

"Viatu?" aliuliza mtu aliyeshika tairi. Alilitazama kama asiyejua lilivyofika mikononi mwake, akaliachilia. Mmoja mmoja, watu wakaondoka wakitazama chini.

Siku ya Karate ilipofika, Sensei aliingia ukumbini na plasta ngumu kwenye mkono uliovunjika na nyuzi juu ya jicho. Nyakio alifungua mshipi wake wa kijani, akauweka miguuni pa mzee.

"Mimi sikumpiga, Sensei," alisema kwa sauti ndogo, "lakini..."

"Ulimpiga, mwanangu. Ulimpiga kwa mikono ya watu wengine, yako ikabaki safi. Ngumi ningeweza kukufundisha kuizuia hewani. Neno likishatoka, nani atalizuia?" Akampa mshipi mweupe, wa wanaoanza. "Utaongoza kata. Lakini utaanza upya."

Mlangoni alisimama Lazarus, taya limefungwa bendeji, pamoja na mama yake; Sensei alikuwa amewaalika. Lazarus alimpa Mbuthia, aliyekuja kumtazama dada yake, mfuko wa karatasi.

"Shika. Nimeviosha," alisema kwa shida. "Pole, boi wangu. Doa moja la damu limekataa kutoka."

Nyakio alimwendea, akainama mbele yake, chini kuliko alivyowahi kumwinamia mtu yeyote. "Nisamehe." Lazarus hakujua la kufanya na mikono yake. Mwishowe akainama naye.

"Hapo ndipo karate inapoanzia," Sensei aliwaambia wote, "na hapo ndipo inapoishia. Kabla hujainua mkono au sauti, fikiria ni nani atakayeanguka."

Nyakio akasimama mbele ya wenzake, mshipi mweupe kiunoni. Akavuta pumzi, na mkono wake uliokuwa bado na alama ya gongo ukapanda kuzuia.