Picha za Makochi Yasiyo Yetu

Asubuhi hiyo Mama Sindano alifungua simu, akakuta ua waridi. Jana yake alikuta ua waridi. Juzi alikuta njiwa wawili wanabusiana. Chini ya ua kulikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu: "Asubuhi njema wateja wetu wapendwa! Karibuni dukani! Bei njoo inboksi!"

"Hivi sisi tunauza maua?" aliuliza.

Mumewe aliendelea na kazi. Alikuwa anagongelea kitambaa kwenye fremu ya kochi, na misumari midogo imejaa mdomoni. Yeye ndiye fundi makochi. Anatengeneza mapya na kufufua ya zamani. Mkewe anakata vitambaa na kushona. Mtaani wanamwita Mama Sindano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yake. Ya pili waulizwe waliowahi kugombana naye.

Karakana yao ni chumba kimoja kikubwa kinachotazama barabara. Zamani hawakuhitaji matangazo. Walitoa makochi mawili nje, basi. Mtu alipita, akaliona kochi, akalikalia, akauliza bei, wakapatana. Kisha daraja likaharibika. Barabara ikafungwa ili litengenezwe, na magari yakapelekwa njia nyingine. Sasa mbele ya karakana palipita vumbi na wajenzi wa daraja. Wajenzi waliyapenda sana makochi. Waliyakalia wakati wa chakula, na mmoja aliyalalia kabisa. Hakuna aliyenunua.

"Kizuri chajiuza," Fundi alikuwa akisema.

"Chajiuza kwa nani?" Mama Sindano alikuwa akijibu. "Hapa hata mbuzi hapiti."

Jambo lililomnyima raha lilikuwa moja. Kiwanda cha samani cha mji mwingine kilikuwa kimempigia simu mumewe. Kilimtaka akaanze kazi mwezi ujao. Mji huo uko mbali, na likizo ni chache. Fundi alisema kama kazi haitapatikana hapa, ataenda. Watoto wao wawili walikuwa bado wadogo. Mama Sindano hakuwazaa ili baba yao awe sauti ya kwenye simu.

Ndipo dada mkubwa wa Fundi alipojitolea kuwasaidia. Mama Sindano alimwita Wifi, kama ilivyo ada. "Biashara matangazo!" Wifi alisema, akawafungulia ukurasa mtandaoni. Alikuwa na nia njema, hilo halina ubishi. Alikuwa na bando pia. Kila siku aliweka maua, na baada ya maua aliweka makochi ya fahari yanayong'aa. Kisha aliwatagi watu wote anaowajua, hata daktari wake wa meno.

Makochi hayo hakuna hata moja lililotoka karakana hii. Wifi aliyaokota huko huko mtandaoni.

* * *

Siku ya mkosi, aliingia mwanamke mmoja, viatu mkononi. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini. Alikuwa mwalimu, na alikuwa ametembea kutoka pale magari yanapoishia. Alinyoosha simu yake. Kwenye picha kulikuwa na kochi jeupe, limepinda mithili ya mwezi mchanga.

"Nalitaka hili," alisema.

Fundi alilitazama. Akatoa misumari mdomoni.

"Hili si langu, mama."

"Lipo kwenye ukurasa wenu."

"Ukurasa ni wetu. Kochi si letu."

Mwalimu alikaa chini, akavuta pumzi. "Niliuliza bei, nikaambiwa njoo inboksi. Nikaja inboksi, nikaambiwa njoo dukani. Nimekuja dukani, naambiwa kochi halipo. Sasa niende wapi tena?"

Mama Sindano alimletea maji. Mwalimu alikunywa, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga.

Alasiri hiyo mwalimu aliandika chini ya picha: "Nimefika. Makochi haya hawana. Msipoteze nauli zenu."

Wifi naye akajibu: "Kama huna hela nyamaza. Wenye uwezo hawalalamiki." Kisha akayafuta maneno ya mwalimu. Lakini tayari kuna mtu alikuwa ameyapiga picha na kuyasambaza. Kufikia jioni watu wasiowajua walikuwa wanawaita matapeli.

Mama Sindano aliweka simu chini.

"Ongea na dada yako," alimwambia mumewe.

"Dada yangu ndiye aliyenilea. Nimwambie nini?"

"Mwambie anatuua kwa mapenzi!"

Fundi akarudisha misumari mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukimbia mazungumzo. Mama Sindano angeweza kumpiga kwa mto.

* * *

Kesho yake Mama Sindano alisikia gari nyuma ya karakana. Akatoka kuchungulia. Gari dogo la mizigo lilikuwa limezunguka njia yote ndefu, likaja kupakia miche kwa jirani yao, Mama Miche. Gari lilipoondoka, likaja lingine.

Mama Sindano alivuka uwanja kwa hasira, kana kwamba kaibiwa.

"Jirani, nieleze. Barabara yetu ni moja. Vumbi letu ni moja. Wateja wako wanatoka wapi?"

Mama Miche alikuwa anamwagilia miche. Akacheka. "Wanatoka mtandaoni."

"Sisi pia tupo mtandaoni!"

"Hebu nione."

Mama Miche akafuta mikono, akapokea simu. Akaupitia ukurasa. Hakucheka tena.

"Waridi hili la nani?"

"La Wifi."

"Na kochi hili?"

"Anajua Mungu."

"Haya, jirani, na usinikasirikie," alisema Mama Miche. "Njia ya mwongo ni fupi. Mtu akiona picha, anaamini ndicho atakachokikuta. Asipokikuta, hatakuamini hata kwa kile ulicho nacho. Piga picha za makochi yenu wenyewe, mchana, karibu na mlango penye mwanga. Hayang'ai? Basi yasing'ae."

"Na bei? Wifi anasema bei ikiandikwa, washindani wataiona."

"Washindani wanaijua. Asiyeijua ni mteja. Akiificha muuzaji, mteja anahisi ni kubwa, au itapanda akionekana ana hela. Anapita zake. Iandike. Andika na ukubwa wa kochi. Andika na njia ya kufika, maana barabara imefungwa. Mimi nimeeleza kona kwa kona. Wewe umeandika 'karibuni dukani'. Duka liko wapi? Mbinguni?"

Mama Sindano alitaka kukasirika, akashindwa. Yote yalikuwa kweli.

"Na yule mwalimu? Najua umeyaona."

"Mwombeni radhi pale pale mlipomtukana, wote waone. Lalamiko halifutwi, linajibiwa. Wanaosoma ni wengi kuliko wanaoandika, na wote wanataka kujua wakipata shida mtawafanyaje."

Mama Miche akaendelea kumwagilia, kisha akasimama. "Halafu, nikuulize. Wateja wenu huwa wanauliza nini?"

"Upuuzi mtupu. Kwa nini kochi linabonyea katikati. Kwa nini linanuka. Kipi bora, kununua jipya au kufufua la zamani. Kila siku hayo hayo! Baba watoto huwagombeza mpaka wanaomba kuondoka."

"Huwagombeza akisemaje?"

Mama Sindano akaeleza. Sponji ya bei poa hufa mapema. Mafundi wengine huficha maboksi chini ya kitambaa. Fremu ya mbao mbichi hupinda ikikauka. Aliongea mpaka akachoka. Alipomaliza, Mama Miche alikuwa anatabasamu.

"Andika hayo. Fungua blogu."

"Blogu ndiyo nini tena, jamani?"

"Ni mahali pako mtandaoni pa kuweka maandishi marefu. Unachoweka kwenye ukurasa leo, kesho kimeshazama chini ya vya wengine. Cha kwenye blogu hukaa. Mtu aliye mbali akitafuta kwenye simu yake 'kwa nini kochi langu linabonyea', anaweza kukukuta wewe. Akisoma, akaona unajua, atakutafuta. Mimi niliandika kwa nini majani ya mlimao hugeuka manjano. Mpaka leo yananiletea watu. Zipo blogu za kufungua bure, nitakuonyesha."

"Na nikiandika kesho, wateja watakuja keshokutwa?"

"Thubutu! Mwezi wa kwanza nilikuwa na msomaji mmoja. Mama yangu. Naye nilimnunulia bando."

* * *

Kazi ngumu haikuwa blogu. Kazi ngumu ilikuwa Wifi.

Alikuja karakana, akasikiliza, akasimama. "Nawatangaza bure, kwa bando langu, halafu nasemwa! Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Wifi, hakuna aliyekusema. Tunaomba tu..."

"Mnataka kuweka yale makochi ya kahawia? Nani atayatazama?"

Nyundo ikanyamaza. Fundi akatema misumari mkononi.

"Dada," alisema, "makochi haya ninayatengeneza kwa mikono hii. Tangu uufungue ukurasa, hujaweka hata moja. Unayaonea aibu?"

Wifi akageuka. Akalitazama kochi lililokuwa mbele yake. Akalishika mkono wake wa mbao, uliosuguliwa mpaka ukawa laini. Machozi yakamlengalenga.

"Nilidhani watu wanapenda vya kung'aa," alisema. "Nilikuwa nataka usiondoke, mdogo wangu. Sikutaka kingine."

Mama Sindano hakutegemea hilo. Kumbe walikuwa wanaogopa kitu kimoja, kila mtu na kelele zake. Hasira yake ilipungua. Haikuisha, lakini ilipungua.

Radhi kwa mwalimu aliiandika Wifi mwenyewe. Mara ya kwanza ilianza hivi: "Ingawa na wewe ulikuwa na haraka." Mama Sindano akaifuta. Mara ya pili ilisomeka: "Mwalimu, picha ile haikuwa yetu, na maneno yale yalikuwa mabaya. Tumekosa. Tunaomba radhi. Kuanzia leo utaona makochi yetu tu." Wakaiweka mbele ya macho ya wote, na zile picha za kuazima wakaziondoa.

Kupiga picha nako kulikuwa na visa vyake. Ya kwanza ilitoka na giza. Ya pili ilitoka na nguo za watoto kwenye kamba. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila mguu wa mjenzi aliyelala ulionekana. Mama Sindano aliwafukuza wote, akafungua mlango wazi, akapiga ya nne. Chini yake akaandika ukubwa, bei ya kununua na ya kufufua, na njia ya kufika kona kwa kona.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na kochi bovu lililoletwa na jirani mwingine. Fundi alilipasua, akaanza kufoka kama kawaida yake. Mama Sindano akamrekodi kimya kimya.

"Tazama! Sponji iko wapi? Boksi! Gunia! Mnakalia maboksi, halafu mnalia mgongo! Ukienda kununua kochi, usiangalie maua ya kitambaa. Libonyeze kwa ngumi. Sponji nzuri hurudi juu mara moja. Linyanyue upande mmoja wa mbele. Mguu wa pili wa mbele ukichelewa kunyanyuka, fremu inapinda. Liache, ondoka!"

Video hiyo waliiweka kwenye ukurasa. Kwenye blogu Mama Sindano aliandika maelezo yote kwa utulivu, akayapa kichwa: "Jinsi ya kulijua kochi bovu kabla hujalinunua."

Siku za kwanza hapakuwa na kitu. Yalikuja maoni ya mtu mmoja tu, chini ya picha yenye bei: "Bei?"

"Kuuliza si ujinga," Wifi alimkumbusha, kwa furaha kidogo.

"Si imeandikwa!" alisema Mama Sindano. Hata hivyo alijibu kwa adabu.

Kisha watu wakaanza kuicheka video, na kutumiana. Wakambandika Fundi jina, Fundi Mkali. Waliuliza maswali, na kila swali zuri Mama Sindano aliligeuza kuwa andiko jipya kwenye blogu. Nesi mmoja alileta kochi la kufufua. Mwenye nyumba ya wageni alisoma blogu, akaagiza makochi ya ukumbini. Mwalimu naye alirudi, akatoka na kochi la kahawia. Kabla ya kulinunua alilibonyeza kwa ngumi, akalinyanyua upande mmoja, huku Fundi amesimama pembeni kama mwanafunzi kwenye mtihani. Barabara ilikuwa bado imefungwa.

Mwisho wa mwezi, simu ya kiwandani ikaja. Mama Sindano alizima cherehani.

"Nashukuru, mkuu," Fundi alisema kwenye simu. "Siji. Kazi ninayo hapa hapa, na wanangu wako hapa hapa."

Mama Sindano alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona. Alilia, na hakujali nani anamwona. Wifi naye akaanza.

Lakini Fundi hakuwa amekata simu. Alisikiliza kidogo, akaweka kiganja juu yake, akamgeukia mkewe.

"Anasema wameiona video. Makochi ya mapokezi kwao yamebonyea. Anauliza kuyafufua ni bei gani."

"Bei IMEANDIKWA!" alipiga kelele Mama Sindano, na machozi yangali mashavuni.