Bunduki Isiyotaka Kushuka

Kijiti aliuachia mti wa ufagio, mti ukaanguka na kubingirika hadi chini ya meza, lakini mikono yake ikabaki palepale kifuani, imekunjwa, kama ya mtu aliyeshika kitu kizito. Dada yake alikuwa ameshapiga picha aliyoitaka na sasa anaitazama kwenye kioo cha kamera. Akamwambia inatosha, ashushe mikono. Kijiti akasema anashusha. Haikushuka.

Wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe, kwa maana huyo bwana hata kwenye matanga alikuwa na neno lake la kuchekesha. Alisema amegeuka sanamu ya duka la nguo, avishwe shati jipya awekwe dirishani. Dada yake akamkanda viwiko kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka mikono ikalegea. Wakakubaliana kwamba ni mishipa tu, kisha wakarudi kazini.

Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi: pazia la bluu, stuli, taa mbili, na meza ya kompyuta. Kijiti, mwembamba kama jina lake, alipiga picha za pasipoti. Dada yake alifufua picha kuukuu. Wateja walimwita Macho, kwa sababu pua iliyoliwa na mende aliweza kuirudisha mahali pake hadi wajukuu wakaitambua. Wazazi walipokufa, mdogo wake alikuwa bado anaota meno. Alimlea, akamsomesha, akamfundisha kamera, na kama kulikuwa na mtu mmoja ambaye Macho asingeweza kuishi bila yeye, basi ni huyo mcheshi wake.

Picha iliyowaletea mambo hayo ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa suti na maneno machache. Ndani yake alisimama baba yake akiwa kijana, mbele ya pazia lenye maua, amekaza shingo, na kifuani amekumbatia bunduki fupi ya zamani, rashasha ya vita. Mwalimu hakutaka sura isafishwe. Alitaka kujua kitu kimoja: bunduki ile ni ya aina gani, inaitwaje. Macho alidhani ni mambo ya historia ya ukoo, akakubali.

Alikuwa na njia yake ya kazi. Kitu asichokielewa katika picha alimsimamisha mdogo wake vilevile, mguu kwa mguu, kidole kwa kidole, akampiga picha na kulinganisha. Ndivyo alivyopata urefu wa fimbo za machifu na ukubwa wa redio za mababu. Safari hii Kijiti alishika mti wa ufagio kama yule kijana alivyoishika bunduki yake: kitako begani kushoto, mkono wa kushoto kwenye kifyatulio, wa kulia ukiubeba mtutu. Kwa kutumia urefu wa mkono wa mdogo wake, Macho akapata urefu wa bunduki. Akaupeleka kwa Sajini.

Sajini alikuwa jirani yao, mzee aliyetunza ghala la silaha la jeshi mpaka akastaafu. Aliiinamia picha kwa lenzi. Akamweleza Macho kwamba rashasha nyingi hulishwa risasi kutoka chini, chache kutoka kushoto, na hii, ajabu yake, magazini yake, kasha la risasi, imechomoza upande wa kulia. Kitako cha mbao, mtutu uliovishwa bomba lenye matundu, magazini kulia. Akasema hiyo ni Begmani na hakuna nyingine. Macho akafurahi, maana kazi ilikuwa imekwisha, bado mwalimu tu kuja kuchukua jibu.

Harufu ndiyo iliyoanza. Studio ikawa inanuka mafuta ya mashine, na chini ya mafuta, kitu kilichoungua, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Macho alifua pazia, akapiga deki, akatoa taa zote nje. Harufu ilikuwa palepale aliposimama Kijiti. Kisha ikaja sauti, kavu na fupi, chuma kikivutwa nyuma na kuachiwa, na kila ilipolia Kijiti aligeuka kutazama nyuma yake, akiuliza nani.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo kupigwa picha ya pasipoti. Kijiti akamwambia, kama anavyowaambia wote, atazame mbele, atulie. Yule mama alitazama mbele, akatulia, halafu akainua mikono yote miwili juu, taratibu, viganja wazi. Kijiti akamwuliza anafanya nini. Mama akaiona mikono yake mwenyewe iko juu, akaondoka bila kupigwa picha, na kiatu kimoja akakiacha mlangoni.

Siku hiyo Kijiti hakucheka. Alivua shati akamwonyesha dada yake bega la kushoto, limevilia damu, jeusi, alama ya mtu aliyegongwa na kitu mara nyingi mahali pamoja. Kabla Macho hajagusa, mikono ya mdogo wake ilipanda yenyewe na kujikunja kifuani. Safari hii maji ya moto hayakusaidia, wala mafuta ya kuchua. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimejitenga na vingine, na kilikuwa kinajikunja polepole, kinarudi nyuma, kinajikunja tena.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "usipite mbele yangu."

"Kuna nini mbele yako?"

"Sijui. Ila usipite."

Njiwa alikuwa ametua kwenye kizingiti cha dirisha, ng'ambo ya chumba, mbele ya kifua cha Kijiti. Kidole kikajikunja mpaka mwisho. Hapakulia kitu. Njiwa alianguka ndani, juu ya sakafu safi, na Macho alipomwokota alikuwa wa moto na shingo imelegea. Macho alimgeuza mdogo wake auelekee ukuta, akamkalisha kwenye stuli, kisha akafunga mlango wa mbele. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azikwe mama yao.

Alimpigia simu mwalimu. Mwalimu alikuja, akaona kijana aliyekaa kauelekea ukuta na mikono kifuani, akavua kofia. Ndipo alipolitoa lile alilolificha. Baba yake alizeeka hivyohivyo, amekunja mikono, watu hawathubutu kupita mbele yake. Alizikwa hivyo, kwa kuwa waosha maiti walishindwa kuinyoosha. Mpaka pumzi ya mwisho alisema jini la chuma limemshika, na kwamba litaondoka siku litakapoitwa kwa jina lake. Jina hakulijua. Bunduki aliiokota tu, akapigwa nayo picha siku ileile.

"Na wewe ukatuletea," Macho akasema.

"Baba amekufa miaka mingi. Nilidhani nalo limekufa. Nilitaka kuliita tu kwa jina lake, ili baba alale."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia, mngeipokea picha?"

Macho hakuwa na nafasi ya kugombana naye. Jina alikuwa nalo. Akamwita shangazi yao, dada wa marehemu baba, mganga aliyejulikana kwa kutopayuka wala kutishia watu. Shangazi alifika na chetezo chake na kitambaa cheupe, akamtazama Kijiti kwa muda, akamwamkia kwa upole kama anamwamkia mgeni aliyeingia bila hodi. Akawaamuru Macho na mwalimu wasimame pamoja naye nyuma ya kijana. Moshi wa ubani ukapanda. Akauliza ni nani aliyekaa hapo.

Sauti iliyojibu ilitoka kinywani mwa Kijiti, lakini ilikuwa na mkwaruzo wa chuma juu ya chuma.

"Niite."

"Nikikuita utatoka?"

"Anayeniita kwa haki ananiamuru. Niite."

Shangazi akamgeukia Macho, na Macho akamnong'oneza lile jina alilopewa na Sajini, naye shangazi akalitamka kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili, na kabla hajafika ya tatu kijana aliyekuwa amekaa kauelekea ukuta alizunguka pamoja na stuli, miguu yake haikugusa sakafu, akawaelekea wote watatu, kidole kikajikunja, na vioo vya picha zote zilizokuwa ukutani nyuma yao, maharusi na watoto na wahitimu wa shule, vikapasuka kwa mpigo kutoka kulia kwenda kushoto mpaka kona ya chumba, kisha kimya, na shangazi akawa amelala kifudifudi huku kilemba chake kikifuka moshi kwenye tundu dogo la duara.

"Hilo si jina langu," sauti ikasema.

Shangazi alikuwa mzima. Mwalimu alikuwa ameshatokomea. Macho alitambaa juu ya vigae vilivyojaa vioo mpaka meza ya kompyuta, akajibanza chini yake, na kule, kwa kukosa la kufanya, akaivuta tena ile picha kutoka mezani, akaitazama kama anavyotazama picha zote, si bunduki, bali mtu: nywele, shingo, kola, vifungo. Vifungo. Amepiga watu pasipoti tangu ujana wake, anajua shati la mwanamume hufungwa ubavu wa kushoto ukiulalia wa kulia. La huyu kijana lilikuwa kinyume. Mfuko wa shati, ambao kwa kawaida hukaa kushoto, ulikuwa kulia. Hakuwa amevaa shati la kike. Mpiga picha wa zamani alikuwa ameigeuza filamu alipokuwa akisafisha, upande wa ndani ukawa nje, akamtoa mtu mzima kinyume chake kama anavyoonekana kwenye kioo, na hakuna aliyegundua.

Kwa hiyo yule kijana hakushika kwa kushoto. Magazini haikuchomoza kulia. Na Kijiti alisimamishwa kuiga mtu ambaye hakuwahi kusimama hivyo, mguu kwa mguu, kidole kwa kidole. Macho akajilaani kwa hilo, akajilaani kweli, huku anapapasa simu mfukoni.

Aliipiga picha ile picha, akaigeuza ndani ya simu, akamtumia Sajini. Akampigia akimsihi aharakishe. Akamsikia mzee anakohoa, anatafuta miwani. Sajini akasema sasa hii ni kitu kingine kabisa. Magazini kushoto, pango inamochomekwa linang'aa, basi hilo ni la shaba, na chini ya mdomo wa mtutu kuna kishikizo cha singe, kile kisu cha bunduki, ambacho hakuwa amekitilia maanani. Bunduki ya mabaharia hiyo. Inaitwa Lanchesta.

"Una hakika, mzee?"

"Nimezipaka grisi mwenyewe. Mbona unanong'ona?"

Macho alikata simu. Akamwona mdogo wake anawatafuta, kichwa kinageuka polepole na mtutu usioonekana ukikifuata, unapita juu ya mlango, unapita juu ya pazia, unashuka kuelekea meza, na machoni mwake, kwa mbali, akamwona Kijiti mwenyewe, mtoto aliyemlea, analia bila sauti na kutikisa kichwa kwamba aondoke, akimbie, asimwangalie, huku kidole chake kikiendelea kujikunja kana kwamba si chake. Hakukimbia. Alimwambia shangazi jina. Shangazi akainuka kwa magoti, akalitamka mara tatu, na kila mara lilipotamkwa chumba kilijaa harufu ya bahari na mafuta na moto.

"Umeitwa," shangazi akasema. "Mwachie uliyemshika, urudi kwenye picha ulikotoka, usitoke tena."

Mikono ikafunguka. Kitu kizito ambacho hakuna aliyekiona kikaanguka sakafuni, na kigae kikapasuka katikati. Harufu ikakatika. Kijiti akapepesuka, akainyoosha mikono mbele yake, akaitazama juu na chini, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Shangazi akasema alhamdulillahi, akaketi palepale juu ya vioo kupumua, kisha akatoka uani kumwaga majivu ya chetezo.

Macho alimrukia mdogo wake. Alimkumbatia kwa nguvu zake zote, akalia, akacheka, akamwita mpuuzi, akamwita roho yake. Kijiti naye akamkumbatia. Macho akaulaza uso kifuani pake, upande wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya Kijiti alipokuwa mdogo mwenye homa, ili ausikilize moyo wake.

Hakusikia kitu.

Alidhani ni kelele za kilio chake mwenyewe. Akabana pumzi, akasikiliza tena, kukawa kimya kama ukutani. Ndipo alipohisi mdundo shavuni, ukitokea mbali kidogo, akausogeza uso wake taratibu kuvuka kifua kizima, na akaukuta moyo ule ukidunda kwa nguvu na utulivu, upande wa kulia.

Shangazi alikuwa ameamuru mmoja wao arudi kwenye picha, na mmoja alikwenda kweli, ila si yule aliyeamriwa. Picha ilikuwa chini ya meza alipoiacha, nyuma ya mgongo wa huyu aliyemkumbatia, na Macho hakuweza kuifikia wala hakuthubutu kuitazama. Alitaka kupiga yowe, alitaka kumwita mdogo wake kwa jina alilopewa na mama yao, lakini alihisi mgongoni, katikati ya mabega, kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikijitenga na vingine.

"Haya, wanangu," shangazi aliuliza kutoka uani, "mko salama huko?"

Kidole kikajikunja kidogo, kikangoja.

"Tuko salama, shangazi," Macho akasema. "Amepona."