Damu ya Kuazima

Damu ya mtu mwenye afya huganda ndani ya dakika moja ukiipa dawa. Ya mdogo wake mpimaji ilikuwa imetimiza dakika nne, bado inachezacheza ndani ya mrija kama maji.

Mpimaji hakushtuka. Wenzake pale maabara walimwita Sekunde, maana hata chai aliinywa akitazama saa, na damu za namna ile alizizoea. Mdogo wake aling'olewa jino Jumatatu. Leo Alhamisi fizi bado inavuja, amelazwa ghorofa ya juu. Kama damu imepungukiwa kigandishi, unaiazimia: unachanganya plazma yake, yale maji ya njano, na ya watu wazima wenye afya, nayo inaganda. Chupa ya kuazimia ilikuwa kwenye jokofu. Wafanyakazi kumi na wawili, naye akiwamo, walikuwa wameichangia.

Alichanganya nusu kwa nusu. Haikuganda. Kisha akasikia mfyonzo mdogo, fyoo, kama wa mtu anayeonja chai ya moto, na harufu ya chuma kilicholowa ikampanda puani.

"Mmesikia hiyo?" aliwauliza wenzake.

"Tumbo langu hilo," alisema fundi wa mashine. "Linadai tangu asubuhi."

Wakacheka. Akachanganya tena, na tena, na kila mara ile fyoo ikawa ndefu zaidi. Mwisho akapima plazma ya chupa yenyewe, bila tone la mdogo wake. Nayo ikagoma. Fundi akapangusa pua, akakitazama kitambaa chake kilicholowa damu, asicheke tena.

Sekunde alipanda ngazi mbiombio. Mdogo wake alimvuta mkono, midomo imelowa damu.

"Dada, umechanganya mara ngapi?" alinong'ona.

"Tatu. Nani kakwambia?"

"Yeye. Kila ukichanganya, anahesabu watu."

Adhuhuri shemeji yake alimleta mtabibu wa majini, mzee mpole mwenye mkoba. Aliweka kiganja kwenye paji la mgonjwa, akasoma dua hadi sauti ikamkauka, na kilichomjibu kilitoka kooni mwa mgonjwa huku midomo yake imefumbwa:

"Nilikuwa na nyumba moja, mbovu, nimebakiza kuta. Dada mtu kanifungulia kumi na mbili."

Mtabibu aliondoa mkono kana kwamba ameungua. Akaanza kufunga mkoba.

"Baba, usituache," shemeji alimsihi.

"Mwanangu, mmoja ningepambana naye. Huyu sasa ni mtaa mzima, na mimi pumzi yangu ni ya mtu mmoja."

Saa tisa mdogo wake alikata roho, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake, na damu haikukoma hata moyo uliposimama, iliendelea kushuka polepole kidevuni, ikalowesha mto, ikapenya godoro, ikadondoka sakafuni tone baada ya tone, huku ile fyoo ikisikika ukutani, kwenye ngazi, chini sakafu baada ya sakafu, ikielekea maabara.

Sekunde alipofika huko aliwakuta wenzake wote kumi na mmoja walioichangia ile chupa wamejipanga, mikono ya mashati wameikunja, nyuso zimewapauka.

"Dada, tupime," alisema fundi, pamba zimemjaa puani. "Bora tujue."

Aliichukua sindano, akaifungua, akaushika mkono wa kwanza na kuutafuta mshipa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba tundu lolote atakalolitoboa halitaziba.

"Anza basi," walimwambia.