Vijiko Sita vya Chumvi

Kila jioni baada ya shule Ivyne alimsaidia mamake, Peres, kuuza mboga sokoni Kangemi. Ijumaa hiyo mikono yake ilifunga sukuma wiki lakini akili ilikuwa mjini. Kesho yake angesimama katika ukumbi wa maonyesho katikati ya jiji, awaoneshe wageni programu ya simu aliyoitengeneza katika klabu ya kompyuta. Ilikuwa na maswali ya sayansi na majibu yake, ya kuwasaidia wenzake kudurusu. Hakutulia hata kidogo, utadhani ameingiwa na siafu.

Programu yenyewe ilikuwa imeshapendwa. Wanafunzi waliirusha kutoka simu ya mzazi huyu hadi ya yule bila kununua data, na hakuna aliyejua imefika simu ngapi. Mwalimu Zedekiah, mlezi wa klabu, alikuwa ameagiza kila jibu lisomwe na mtu wa pili kabla halijatoka. Ivyne aliona huko ni kucheleweshwa bure, akatoa majibu mengine bila kusomwa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia hivyo mtoto aliyezoea sifa?

Mamake alipokwenda kuchota maji, Ivyne alichukua simu ya mamake afanye mazoezi ya kesho. Akafika kwenye swali la mtoto anayehara, jinsi ya kumtengenezea maji ya kunywa. Akasoma jibu lake mara mbili. Alikuwa ameandika lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari. Alikuwa amevigeuza. Sukari ndiyo vijiko sita vya chai, chumvi ni nusu tu.

Wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Angerekebisha asubuhi kwa kompyuta ya shule, na wageni wasingejua. Akimwambia mwalimu, programu ingeondolewa kwenye maonyesho, naye aliyataka maonyesho hayo kuliko kitu chochote. Ndipo alipokumbuka kwamba rafiki yake Mwelu hakuja shuleni. Mdogo wake alikuwa akihara tangu jana.

Alimpigia mamake Mwelu, hakupatikana. Akamwachia jirani kibanda, akatimua mbio.

Alimkuta Mwelu ameshakoroga jagi, na mamake amempakata mtoto, kikombe mkononi.

“Anti, usimpe,” Ivyne alisema akihema. “Chumvi ni nyingi sana. Nilikosea kuandika.”

Mwelu alimkodolea macho. “Lakini nimefuata vile uliandika, Ivy. Sikuona haja ya kuuliza mtu.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Walimwaga maji hayo, wakatengeneza mengine sawasawa, mtoto akanywa kidogo kidogo, kisha mamake akampeleka kliniki. Ivyne akampigia Mwalimu Zedekiah, akamweleza yote, hata lile wazo la kunyamaza.

Jumamosi wenzake walikwenda mjini bila yeye. Ivyne, Mwelu na mwalimu walipita mlango kwa mlango Kangemi wakiweka programu iliyorekebishwa, simu baada ya simu. Baadhi ya wazazi walimkemea. Alisema samahani mpaka ulimi ukakauka, na njiani alilia.

Mwalimu alimngoja afute machozi. “Mtu akikuamini, Ivyne, hakuulizi mara mbili,” alisema. “Kwa hivyo ni wewe wa kujiuliza mara mbili. Na ukikosea, kimbia kama ulivyokimbia jana. Haya, bisha hapo.”

Ivyne akabisha.