Ndege ya Maurine ni Saa Tano

Wasomaji watukufu, kaeni wima. Leo natangaza rasmi penzi lililovuka bahari na jangwa, penzi ambalo wanahistoria watalisimulia kwa sauti ya chini. Lilianza stejini Garsen, kwenye foleni ya mahamri, Levi alipomkanyaga Maurine kidole.

"Pole, dada."

"Pole hiyo ina chai?"

Chai ilikuwepo. Maurine alivaa dera la rangi ya embe bivu. Levi, fundi wa pampu za mashambani, alinuka dizeli, na hakuna aliyejali. Wiki sita baadaye Maurine akaenda Doha, kazi ya hoteli, miaka miwili.

Levi aliitafuta Doha kwenye simu: kilomita elfu tatu na mia tano kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa. Akawa anakaa kando ya mto Tana, pampu ikinguruma, akichagua wingu linaloelekea kaskazini na kulituma salamu.

"Mpenzi, huko ni saa ngapi?" aliuliza kila alipopiga.

"Sawa na huko kwenu. Nimekwambia mara ishirini."

"Najua. Napenda kusikia."

Miaka ikaisha. Hoteli ikamtaka Maurine asaini miwili mingine, jibu Jumapili.

"Ijumaa nikikukuta uwanjani, sisaini," alimwambia Levi. "Nisipokukuta, nitakuwa nimeelewa."

Alhamisi simu ya Levi ikatumbukia mtoni. Maurine, akimkosa hewani, akatuma ujumbe kwa Everline, dada yake Levi aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule, naye akampelekea Levi kwenye karatasi, kwa mwandiko wa kupendeza.

Ijumaa Levi alisimama uwanjani kwa shati jeupe lililopigwa pasi mara mbili. Saa tano asubuhi hakushuka mtu. Saa nane akaondoka. Saa tisa Maurine akatoka na masanduku yake, akatazama kila uso.

Jumamosi akaja kwao Levi kuaga.

"Hukuja."

"Nilikuja. Askari aliniambia hakuna ndege ya Doha ya saa tano. Nikajua umenichezea."

"Saa tano nilikuwa juu ya mawingu, Levi."

Levi akamwonyesha karatasi. Maurine akaisoma: "'Ndege ni saa tano.' Mimi niliandika, 'Naruka saa nne asubuhi, ndege ni masaa matano.'"



"Ningejua, ningesubiri," Levi alisema. "Hata mpaka Jumapili. Usisaini, Maurine. Nikuoe."

"Nitakujibu baada ya masaa matano," alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkono wa Levi. Kisha wote wawili wakageukia dirisha la jikoni. "Everline."

Naam. Ni mimi. Nilikuwa chini ya dirisha, sufuria mkononi, nikisikiliza kwa ajili ya historia. Nakiri: mwalimu wetu hukata alama kwa neno "masaa," nikalisahihisha. Kisha nikaona ujumbe ni mrefu, nikaufupisha, maana kwenye ufupisho sipati chini ya kumi na tatu kwa kumi na tano. Maurine alinivuta sikio, akambusu kaka yangu shavuni, akaifuta barua ya hoteli kwenye simu yake. Harusi ni Desemba, na nimekatazwa kuandika kadi.