Chiriku na Nyumba Hamsini

Nyumbani kwa kina Chiriku hakuna aliyehitaji saa ya kengele. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi kamba ya Panzi ilianza kupiga uani, tap, tap, tap, na aliyelala akaamka, atake asitake. Panzi alikuwa kaka yake Chiriku, wa darasa la saba, mwembamba, magoti mbele. Jina hilo wenzake walimpa kwa sababu ya kuruka. Chiriku, wa darasa la sita, jina lake alilipata kwa sababu ya mdomo. Akipiga mswaki anaongea, akifagia anaongea, na mama yake husema kwamba mtoto huyu hata usingizini ana mgeni wa kupiga naye soga.

Wiki ile alikuwa na la kuongea kweli. Timu ya shule ya kuruka kamba ilikuwa imeingia fainali, na Panzi ndiye nahodha. Fainali ingefanyika Jumamosi saa nne asubuhi katika ukumbi wa mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, kwa hiyo watu wa mtaani hawangeweza kwenda. Lakini ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye simu, bure. Na aliyesimamia matangazo hayo kwenye mnara wa mtaa wao alikuwa shangazi yake Chiriku, fundi mitambo wa kampuni ya simu.

Jumatano shangazi alikuja shuleni kueleza mambo yatakavyokuwa. Alisimama mbele ya darasa la sita, kitambulisho shingoni, akachora ubaoni mnara unaotazama pande tatu: sokoni, mtoni na kilimani.

"Nikitaka kuwapa ninyi arobaini habari moja," alisema, "naweza kumnong'oneza kila mmoja sikioni. Nikifika wa kumi nimeshachoka, na wa arobaini hapati kitu. Au naweza kusimama hapa nikasema mara moja, mkasikia wote. Mnara nao ni hivyo hivyo. Wakitazama watu wachache, unampelekea kila mmoja picha yake. Zikifika simu ishirini na tano upande mmoja, naubadilisha useme mara moja kwa wote. Nisipoubadilisha, picha zinaganda."

Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini basi asiubadilishe pande zote tatu, yaishe. Shangazi alifurahi, maana lilikuwa swali la mtu aliyesikiliza. Alieleza kwamba kusema kwa wote huchukua nafasi kubwa kwenye mnara, na nafasi hiyo hunyang'anywa watu wanaopiga simu zao. Kilimani, kwa mfano, kuna zahanati, na yeye hawezi kuibana zahanati kwa ajili ya watazamaji ambao hawapo. Mnara unajua ni simu ngapi zimewashwa, lakini haujui nani anataka kutazama nini. Hilo lazima watu waulizwe, na waulizwe mlango kwa mlango.

Mwalimu mkuu aligawa fomu kwa wanafunzi watatu, kila mmoja upande wake. Chiriku alipewa kilima, nyumba sitini na mbili, kwa kuwa mwalimu alidhani mwenye mdomo hatachoka kuuliza. Kwenye fomu kulikuwa na namba za nyumba kama zilivyopakwa rangi milangoni, na mbele ya kila namba mstari. Atakayetazama aliandikiwa aina ya simu yake na idadi ya watu watakaokaa naye. Asiyetazama aliandikiwa neno moja tu: hatazami.

Chiriku alianza kwa moto. Nyumba kumi na mbili za chini alizimaliza siku hiyo hiyo, na saba kati yake zilisema zitatazama. Bahati mbaya, ya kumi na mbili ilikuwa ya rafiki yake, na uani kwa rafiki yake kulikuwa na mapera yaliyoiva. Soga ikakolea. Aliponyanyua uso kutazama juu, aliona nyumba hamsini zilizobaki zimejipanga mpaka kileleni, akahisi miguu inauma kabla haijaanza kutembea. Alhamisi mvua ilinyesha kidogo, nayo ni sababu tosha kwa anayeitafuta.

Basi Alhamisi jioni, kabla ya chakula, Chiriku alikaa mezani akaanzia mstari wa kumi na tatu. Hatazami. Hatazami. Hatazami. Hakuandika kwamba kuna anayetazama hata mara moja, kwa sababu anayetazama alidai aina ya simu na idadi ya watu, na uongo wa namna hiyo ulikuwa na kazi nyingi. Ndani ya dakika kumi kilima kizima kilikuwa hakitazami.

Ijumaa asubuhi mwalimu mkuu alikusanya fomu, akajumlisha, na kumtumia shangazi jumla ya kila upande: sokoni simu themanini na moja, mtoni hamsini na nne, kilimani saba. Alimsifu Chiriku kwa mwandiko mzuri. Chiriku alishukuru kwa sauti ndogo isiyo yake.

Mchana mama yake alimtuma apeleke unga kwa bibi, mama mzaa mama, aliyekaa huko huko kilimani. Goti la bibi lilikuwa halijamruhusu kushuka chini kwa miezi mitatu. Chiriku alimkuta uani, amefagia mpaka ardhi inang'aa. Alikuwa ameazima mabenchi kwa majirani akayapanga safu tatu, na simu yake ameiegemeza kwenye sufuria iliyofunikwa juu ya kigoda, anajaribu kama wa nyuma wataona.

"Nimealika watu," alisema bibi. "Kesho mume wangu anaruka." Wajukuu wake wa kiume wote aliwaita waume zake, na Panzi ndiye aliyependwa kuliko wote.

Chiriku aliinua macho akaona mlango. Juu yake palikuwa na namba kwa rangi nyeupe, ambayo siku zote aliipita bila kuisoma: arobaini na saba. Akaukumbuka mstari wa arobaini na saba na alichoandika juu yake. Akabaki ameukumbatia mfuko wa unga, asiupeleke popote. Bibi alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

Aliuweka unga chini, akashuka kilima mguu niponye.

Ofisi ya shangazi ilikuwa chumba kidogo chini ya mnara, na kabla ya kuingia ulivua viatu ili vumbi lisiharibu mitambo. Kwenye kioo cha kompyuta Chiriku aliona duara lililokatwa vipande vitatu. Viwili vilikuwa vya kijani. Cha kilimani kilikuwa cha kijivu. Njiani alikuwa ametunga maneno mazuri, kwamba watu wa kilimani wamebadili mawazo, na maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Lakini alipokitazama kile kijivu alimkumbuka bibi na mabenchi yake, na yakatoka mengine.

"Shangazi, nimedanganya. Nyumba hamsini sikwenda."

Shangazi alivua miwani akaifuta taratibu.

"Nilishangaa," alisema. "Nikajiambia, kama ni mwanangu ndiye aliyehesabu, basi ndivyo ilivyo."

Hilo lilimchoma Chiriku kuliko kofi. Akalia, akaomba shangazi aandike tu kwamba kilima kinatazama, kwa kuwa bibi ameshaalika watu.

"Jana uliniandikia kwamba hawatazami bila kuwauliza. Leo unataka nipokee kwamba wanatazama, bila kuwauliza vilevile? Na zahanati nayo niiambie nini?" Shangazi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu. "Saa kumi na mbili kamili nafunga mpangilio wa kesho. Baada ya hapo hata mimi siwezi kuufungua. Nyumba ulizoziacha ni zako. Nenda."

Akampa fomu mpya na chupa ya maji.

Nyumba ya kumi na tatu ilimlia dakika saba, kwa sababu alisalimia, akaulizia watoto, akaulizia na kuku. Akapiga hesabu akaona kwa mwendo huo atamaliza Jumatatu. Maneno yakaanza kupungua, na kufika nyumba ya ishirini yalikuwa yamebaki machache: shikamoo, kesho saa nne mtatazama fainali ya kamba, kwa simu gani, watu wangapi. Waliouliza mbona amechelewa aliwajibu kwamba alipaswa kuja juzi, akaandika bila kuja. Mara ya kwanza uso ulimwaka. Mara ya kumi ulikuwa umezoea.

Fundi cherehani alimgombeza na pini zikiwa mdomoni, hivyo nusu ya matusi hayakueleweka, kisha akasema kwake watakuwa watu tisa. Mzee mmoja mstaafu alisema hana muda wa kutazama watoto wakirukaruka, na Chiriku akaandika hatazami, safari hii kwa haki. Alikuwa amepita mageti matatu mzee alipomwita.

"Wee binti, niandike. Ila mke wangu asijue, nimemwambia ni upuuzi."

Mkewe, aliyekuwa dirishani, alisema amesikia, na kwamba simu ataishika yeye.

Kwenye namba arobaini na saba Chiriku alisimama mbele ya mabenchi, akamweleza bibi yote. Bibi aliweka mkono kiunoni.

"Kwa hiyo mimi umeniandika kwamba mume wangu simtazami?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi alicheka mpaka akalishika goti. Kisha akaacha kucheka. "Andika sasa. Simu moja, watu kumi na wanne. Halafu ondoka hapa, hujamaliza."

Saa kumi na moja na nusu Chiriku alikuwa kileleni, na huko alikuta nyumba tisa zimefungwa kufuli. Alibisha kila moja, akarudi akabisha tena. Akakaa juu ya jiwe na mistari tisa mapajani. Fundi pikipiki wa nyumba ya hamsini na nane alipenda michezo kuliko chakula. Huyo si angetazama tu? Kalamu iligusa karatasi. Akaishikilia hapo kwa muda, akihema. Kisha akaandika, "sikumkuta", akaliandika mara tisa, akakimbia.

Aliingia ofisini viatu mkononi, zikiwa zimebaki dakika nane. Shangazi alihesabu kwa kidole. Simu thelathini na moja mpya, na zile saba za mwanzo, jumla thelathini na nane. Kidole kikashuka hadi mwisho wa karatasi, kikasimama kwenye mistari tisa.

"Hawa?"

"Sikuwakuta. Nilibisha mara mbili mbili."

"Ungeweza kuandika kwamba wanatazama. Mimi nisingejua."

"Ningeweza," alisema Chiriku.

Shangazi alimtazama, akarudi kwenye kompyuta, akabonyeza. Kipande cha kijivu kikawa kijani.

Jumamosi watu kumi na wanne wa bibi walikuwa wameshafika ishirini na wawili, na safu ya mbele ilikuwa imekaa chini. Kilimani walizoea tabu moja: palipokuwa na mpira, nyumba moja ilishangilia bao wakati jirani bado anangoja picha izinduke, na utamu ukaishia hapo. Siku hiyo haikuwa hivyo. Panzi alipoingia katikati, kamba ikazunguka mpaka haionekani, akamaliza dakika yake bila kujikwaa hata mara moja, na kilima kizima kikapiga kelele kwa wakati mmoja. Fundi cherehani, mzee mstaafu na mkewe, hata ile nyumba ya hamsini na nane iliyokuwa na kufuli jana, wote pamoja, kutoka chini hadi kileleni. Chiriku alisimama juu ya benchi akashangilia mpaka sauti ikakatika.

Timu yao ilikuwa ya pili, kwa tofauti ya miruko mitatu. Bibi alisema waamuzi nao warudishwe wakahesabu upya.

Shangazi alipanda kilima baada ya kazi, akapewa kiti cha heshima. Alimwambia Chiriku kwamba ameshazungumza na mwalimu mkuu, na kwamba Jumatatu atasimama mbele ya darasa aeleze alichofanya. Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema shangazi. "Mitambo yangu yote ile haijui kitu mpaka mtu aiambie ukweli. Ukiipa uongo, inakwenda nao huo huo, tena mbio. Ile mistari tisa uliyoandika hukuwakuta ndiyo iliyonifanya niwaamini wale arobaini na mmoja. Anayekubali kuandika kwamba hajui, huyo ndiye wa kupewa kazi."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema bibi.

"Ni fupi, bibi," alisema Chiriku kwa sauti ya kukwaruza, akisugua miguu, "lakini kurudi ni mlima."

Watu walicheka, bibi kuliko wote. Kisha akamwonyesha yale mabenchi na kumwagiza ayarudishe kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba. Chiriku akajitwika la kwanza, akatoka, na safari hii hakuwa na haraka. Kila mlango alisalimia, akaulizia watoto, akaulizia na kuku.